Bi Mkubwa, Bi Mdogo na Chanzo Kisicho na Jina

Kaeni vizuri, wa nyuma wasogee mbele. Hadithi hii ina swali mwishoni, na atakayetaka kulijibu sharti awe ameisikia yote. Aliyesikia nusu atajibu haraka, na hili si swali la kujibiwa haraka.

Kijiji cha Vuriwa kimekaa ubavuni mwa milima ya Upare. Huko maji hugawanywa kwa zamu, leo shamba hili, kesho lile. Juu, karibu na msitu, kuna chemchemi. Maji yake hukusanywa katika ndiva, yaani mabwawa madogo ya mawe na udongo, na kutoka hapo hushuka kwa mifereji mpaka mashambani. Ndiva ziko tatu. Ya chini inaitwa Mrutu. Mrutu alikuwa mtu. Alibeba mawe yake mgongoni, naye alikuwa na mguu mmoja tu mzima. Ya kati inaitwa Nahinga. Nahinga naye alikuwa mtu. Ukuta ulipopasuka msimu wa mvua kubwa, alikaa kwenye ufa, akauziba kwa mwili wake mpaka watu wakafika na udongo. Huo ndio utaratibu wa Vuriwa. Ndiva hupewa jina la aliyeiokoa, jina moja tu, na ukoo wa mwenye jina ndio unaofungua maji ya kwanza kila msimu wa kupanda.

Ndiva ya juu, ile ya kwenye chemchemi yenyewe, haikuwa na jina. Haikuwahi kuhitaji kuokolewa.

Mwenyekiti wa jumuiya ya watumiaji maji alikuwa Nakunda Mchome, mama wa makamo, mchache wa maneno. Alikuwa na watu watatu aliowategemea, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Zubeda alikuwa mgawa maji. Kipaji chake kilikuwa kutambua. Kila nyumba huziba mfereji wake kwa alama yake, huyu kwa jiwe lenye fundo la nyasi, yule kwa kipande cha mgomba, mwingine kwa udongo aliouchora kidole. Zubeda alizijua alama zote, na hata asiyoijua aliijua kuwa ni alama. Akiangalia maji yanavyopita alikuambia nani kaiba muda wa nani.

Tumsifu alikuwa fundi wa kompyuta kutoka mjini Same. Kipaji chake kilikuwa mikono. Mashine iliyotangazwa kufa na mafundi wengine, yeye aliifungua, akaipuliza vumbi, akaiongelesha kidogo, ikawaka.

Senkondo alikuwa karani. Kipaji chake kilikuwa kuandika. Aliandika mvua, aliandika zamu, aliandika nani kachelewa na kwa sababu gani. Kompyuta ilipoletwa ofisini, Nakunda alimwita, akamshukuru kwa miaka yake, akamwambia kazi ya daftari imekwisha. Senkondo akasema, "Sawa, Mwenyekiti." Kesho yake asubuhi akaja tena na daftari lake kwenye mfuko wa plastiki, akakaa kwenye benchi karibu na mlango, akaendelea kuandika. Hakuna aliyemtuma, na hakuna aliyepata ujasiri wa kumwondoa kwenye benchi.

Sasa kompyuta yenyewe. Ilikuwa moja, lakini ndani yake iliishi mifumo miwili. Mmoja ulikuja nayo, ukitumika kwa barua na orodha za wanachama. Wa pili uliwekwa baadaye na binti mmoja mpima ramani, aliyetembea mifereji yote kwa misimu mitatu akipima maji kwa kipimo chake; aliuweka kwa sababu programu yake ya ramani ilikubali kukaa humo tu. Binti huyo alishaondoka kwenda kusoma ng'ambo na simu yake haikupatikana tena.

Ukiwasha mashine, kabla ya kitu chochote kutokea, kioo kilionyesha orodha fupi ya majina mawili ili uchague unayemtaka. Zubeda ndiye aliyeupa mfumo wa kwanza jina la Bi Mkubwa na wa pili Bi Mdogo, na hiyo orodha ya mlangoni akaiita bawabu. "Nyumba moja, wake wawili, kila mmoja na chumba chake," alisema, "na bawabu asipokuwepo mtaona." Hakuna aliyemcheka, maana yeye mwenyewe aliwahi kuolewa bi mdogo.

Basi ikatokea kwamba kampuni moja ya mashamba ya maua, iliyokuwa tambarare, ikaomba kibali cha kuchukua maji yote ya chemchemi. Katika maombi yake iliandika kwamba maji hayo hayatumiwi na mtu. Vuriwa wakapinga. Bodi ya maji ikapanga kikao siku ya Alhamisi, saa nane mchana, kwenye ukumbi wa kata, na ikaandika kwa herufi nzito: pingamizi lisilo na ramani iliyopimwa halitasikilizwa.

Ramani ilikuwepo. Ilikuwa chumbani kwa Bi Mdogo. Printa ndiyo iliyokuwa mbovu, na ndiyo sababu Jumatano Tumsifu alipanda mlima kuitengeneza. Akaitengeneza, akalala kwa jamaa zake kijijini, na Nakunda akaenda nyumbani akiwa mwepesi, akijua kesho atachapa karatasi moja tu na kushuka nayo.

Alhamisi saa tatu asubuhi aliwasha mashine. Bawabu hakutokea. Kioo kilikwenda moja kwa moja kwa Bi Mkubwa.

Alizima, akawasha tena. Bi Mkubwa. Akazima mara ya pili, akahesabu mpaka kumi, akawasha. Bi Mkubwa, na picha yake ya ufukwe wenye mchanga mweupe.

Saa nne kasoro Tumsifu alikuwa ameketi mbele ya kioo, Nakunda amesimama nyuma yake, Zubeda mlangoni na matope miguuni, Senkondo kwenye benchi lake. Fundi alibofya hapa, akabofya pale. Halafu dirisha dogo likatokea katikati ya kioo.

"Linasema nini?" Nakunda aliuliza.

"Linasema diski hii haitambuliki. Linauliza kama ifomatiwe ndipo itumike."

"Kwa lugha yetu, fundi."

Tumsifu alijikuna shingo. "Kwa lugha yetu, mama, Bi Mdogo hayupo. Chumba kimebaki kitupu. Nikifomati, yaani nikikisafisha chote, naweza kumpandikiza upya kwa dakika arobaini. Halafu tunaweka ramani kutoka kwenye ile flashi ya zamani aliyoiacha mpima ramani."

"Flashi ya zamani ina msimu mmoja tu. Haina ndiva ya juu."

"Ndiyo, mama. Lakini itakuwa ramani. Sasa hivi hatuna ramani."

Nakunda alitazama saa ya ukutani. Alijua njia ya kushuka, alijua pikipiki zinavyopatikana siku ya Alhamisi. Karatasi yenye upungufu au mikono mitupu. Hayo mawili tu ndiyo aliyoyaona.

"Bofya," alisema.

Zubeda ndiye aliyekuwa karibu na meza wakati huo, ingawa hakuna aliyemwona akisogea. Aliinama, akashika waya wa kipanya, akaung'oa.

"Mama Zubeda," Tumsifu alisema taratibu, kama mtu anayeongea na ng'ombe aliyeingia sebuleni, "rudisha hicho."

"Kwanza niambie. Imesema chumba ni kitupu au imesema haikitambui?"

"Ni kitu kilekile."

"Kwako. Mimi nikienda mfereji wa kijiji kingine nikakuta alama nisiyoijua, nasema mfereji hauna mwenyewe? Nafungulia maji?"

"Mama, hii ni kompyuta, si mfereji."

"Nakuuliza swali dogo. Nani anayesema hakitambui? Si huyu Bi Mkubwa?"

"Ndiye."

"Basi umekwenda kumuuliza mke mkubwa kama mke mdogo yupo nyumbani," Zubeda alisema. "Na umemwamini."

Senkondo alikohoa kwenye benchi, na huenda kilikuwa kicheko. Tumsifu hakucheka. Alisema maneno makali kidogo, kuhusu watu wanaopoteza muda wa wengine na kuhusu nani atalaumiwa jioni. Zubeda naye alijibu, na dakika zikawa zinakwenda. Waya aliuviringisha mkononi kama anayekunja kamba ya mbuzi, na hakuutoa mpaka Tumsifu alipokubali kutafuta njia ya pili kabla ya kubofya ile ya kwanza.

Hicho ndicho alichofanya Zubeda.

Tumsifu alitoa kwenye begi lake flashi yenye mfumo wa dharura, ule ambao mafundi huutumia kuingia kwenye mashine bila kupita mlangoni. Mashine ilikuwa ya zamani. Iliikataa mara mbili, ikaikubali mara ya tatu. Kioo kikawa cheusi, kikajaa maandishi meupe, na fundi akaanza kuandika amri, mstari baada ya mstari, midomo ikitikisika. Saa tano na robo alikaa wima.

"Yupo," alisema.

"Ramani?" Nakunda aliuliza.

"Chumba kizima kipo. Vitu vyote. Kilichoondoka ni bawabu tu." Hakumtazama Zubeda, na Zubeda hakumwomba amtazame. "Lakini faili hizi zinasomwa na programu iliyomo humo humo. Lazima aamke mwenyewe. Na chumba kina hitilafu ndogo, nikimwamsha hivi anaweza kuharibika kweli. Lazima nikikague kwanza."

Ukaguzi ulichukua saa nzima na zaidi. Mstari mmoja ulijaa taratibu kwenye kioo, punje kwa punje, na hapakuwa na la kufanya ila kuutazama. Zubeda alirudi kwenye maji yake, zamu haingojei. Senkondo aliandika. Nakunda na fundi walibaki wamekaa kama watu kwenye korido ya hospitali.

"Mama mwenyekiti," Tumsifu alisema bila kugeuza kichwa. "Jana, nilipomaliza printa, Bi Mkubwa aliomba masasisho. Mabadiliko mapya kutoka kwa waliomtengeneza. Nikamruhusu. Nikampa na bando la simu yangu."

"Bila kuniuliza."

"Bila kukuuliza. Nilitaka nikuachie mashine safi. Sikuwaza kwamba akimaliza atajiweka mlangoni peke yake." "Ningeweza kutokusema. Hakuna ambaye angejua."

"Kwa nini umesema?"

"Kwa sababu nusura nibofye."

Nakunda alikumbuka kwamba neno bofya lilikuwa lake. Alimpelekea chai, na hilo ndilo alilolimudu.

Saa sita na nusu ukaguzi ulikwisha. Tumsifu alimjenga bawabu upya, akazima, akawasha. Wote wakainama kuelekea kioo. Ukatokea ufukwe wenye mchanga mweupe.

Fundi alizima, akaingia kwenye mipangilio ya mashine yenyewe, huko chini ambako hata Bi Mkubwa hana amri, akakuta jina la Bi Mkubwa limeandikwa la kwanza. Akalishusha, akalipandisha la bawabu. Akafuta jasho la viganja kwenye suruali, akawasha.

Majina mawili. Orodha fupi, kama siku zote. Nakunda alinyoosha kidole chake mwenyewe, akachagua la pili, na baada ya muda uliomchosha kuliko asubuhi nzima, mifereji ya Vuriwa ikajichora kwenye kioo kwa rangi ya buluu, kutoka Mrutu mpaka Nahinga mpaka juu kwenye chemchemi, ambapo palikuwa pameandikwa "Chanzo Na. 1" tu.

Hicho ndicho alichofanya Tumsifu.

Karatasi ilitoka kwenye printa saa saba na dakika ishirini. Nakunda aliipokea ikiwa bado na joto. Senkondo aliinuka kwenye benchi, akaja kuitazama, akaipitia kwa utaratibu wake wa ukarani, kutoka juu kwenda chini. Macho yake yalisimama kwenye kona ya chini, kulia. Yalikaa pale kidogo. Halafu akarudisha daftari kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga, akasema, "Tushuke."

Walimpitia Zubeda mferejini, wakashuka wote wanne kwa pikipiki mbili. Waliingia ukumbini saa nane kasoro dakika nane.

Kikao kiliongozwa na ofisa wa bodi, mama mmoja mwenye miwani na sauti ya upole isiyopindika. Wakili wa kampuni alikuwa kijana nadhifu, mwenye adabu. Alisoma ramani kwa makini kwa muda mrefu, na alipoinua kichwa alikuwa na tabasamu dogo.

"Mheshimiwa, naomba wenzangu wa Vuriwa wanisaidie. Hapa chini kwenye kona pameandikwa siku na saa ramani hii ilipochapwa. Siku ni ya leo. Saa ni kumi na dakika ishirini, alasiri." Akakunja mkono kuangalia saa yake. "Sasa hivi ni saa nane na nusu. Ramani imechapwa karibu masaa mawili kutoka sasa."

Ukumbi ulicheka, hata baadhi ya watu wa Vuriwa.

"Sisemi ni ya kughushi," wakili aliendelea. "Nasema tu, mashine isiyojua leo ni saa ngapi, tutaiaminije inapotuambia maji yalipimwa tarehe fulani za miaka mitatu iliyopita?"

Ofisa alimgeukia Nakunda. "Mna maelezo?"

Tumsifu alisimama, akaeleza vizuri. Kompyuta ina saa moja ya ndani, alisema, lakini mifumo miwili huisoma kila mmoja kwa desturi yake. Bi Mkubwa, yaani mfumo wa kwanza, huichukua kuwa ni saa ya hapa kwetu. Wa pili hudhani ni saa ya kimataifa, basi huongeza masaa matatu ili kuipata ya kwetu. Kosa ni la saa tu.

"Wewe ni nani?" ofisa aliuliza.

"Fundi."

"Ndiye uliyeishughulikia mashine hii leo asubuhi?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Basi maelezo yako nimeyasikia, lakini siwezi kuyaegemea. Mwingine?"

Nakunda aliona ndiva ya juu ikifunikwa kwa bomba la chuma, aliona mfereji wa Nahinga ukiota majani. Ofisa akashika kalamu. Ndipo mfuko wa plastiki uliposikika ukifunguliwa kwenye viti vya nyuma.

Senkondo alitembea mpaka mbele bila haraka, akaweka daftari mezani.

"Mimi nilikuwa karani," alisema. "Mashine ilipokuja niliambiwa niiamini. Nikasema nitaiangalia kwanza. Kila siku iliyofunguliwa huo mfumo wa pili, niliandika saa inayosema yeye, na pembeni nikaandika saa inayosema hii," akagonga saa ya mkononi. "Ni miaka minne. Hapa kuna siku mia tatu na kumi na moja. Kila siku yuko mbele masaa matatu. Hajawahi kuwa mbele masaa mawili wala manne. Na siku ambazo yule binti alirudi kutoka kupima, nimeandika amerudi saa ngapi, na amepima wapi, na viatu vyake vilikuwa na matope ya mfereji gani."

Ofisa alifungua kurasa. Wakili naye akaomba, akafungua. Wino wa kurasa za mwanzo ulikuwa umefifia, na ulikuwa umefifia kabla ya kampuni ya maua kununua hata jembe. Wakili alilinganisha tarehe tatu za ramani na tarehe tatu za daftari. Alijaribu ya nne. Akalirudisha daftari mezani kwa mikono miwili.

"Sina swali," alisema.

Hicho ndicho alichofanya Senkondo. Chemchemi ikabaki ya Vuriwa.

Mngedhani hadithi imekwisha. Lakini ofisa, kabla ya kufunga kikao, alimpa Nakunda fomu ya kibali, akamwonyesha mstari mmoja. "Chanzo Na. 1 si jina," alisema. "Nileteeni jina kabla ya Jumatatu saa sita. Moja, nafasi yenyewe ni hiyo."

Mkutano wa kijiji ulikaa Jumamosi na haukuwa na shaka kuhusu utaratibu. Chanzo kimeokolewa, basi kipewe jina la aliyekiokoa. Shaka ilikuwa ni nani.

Waligawanyika pande tatu. Bila Zubeda, walisema wa mifereji ya juu, fundi angebofya na pasingekuwa na kitu cha kuamsha. Bila Tumsifu, walisema vijana, Zubeda angeshika waya wake mpaka leo na chumba kingebaki kimefungwa. Bila Senkondo, walisema wazee, karatasi ingefungiwa vitumbua. Kila upande ulisema kweli, na kwa kuwa kila upande ulisema kweli hakuna aliyeshinda. Mwishowe wakasema, "Mwenyekiti ataandika. Jina atakaloandika ndilo letu."

Hawakujua kwamba kabla ya kuandika Nakunda angekuwa na mambo matatu ambayo mkutano haukuwa nayo.

La kwanza mnalijua. Tumsifu ndiye aliyemwondoa bawabu, kwa kuruhusu masasisho bila kuuliza. Aliokoa alichokuwa amekizamisha. Lakini alikiri wakati ambapo hakuna aliyemlazimisha.

La pili aliambiwa na Zubeda mwenyewe, wakirudi nyumbani kutoka mkutanoni.

"Dada Nakunda, nikuambie kitu? Sikujua."

"Hukujua nini?"

"Kama Bi Mdogo yupo. Nilichukia tu jinsi kijana alivyosema hayupo, kwa mdomo wa kushiba. Kama ningekosea tungeshuka mikono mitupu, na ningefanya vilevile." Akapiga hatua kadhaa. "Usiwaambie wale wa juu. Wananisifu, najisikia vizuri."

La tatu alilifuata mwenyewe. Jumapili, baada ya ibada, alikwenda nyumbani kwa Senkondo, akamkuta anachonga mpini wa jembe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mwenyekiti. Kaa."

Alikaa. "Ile saa iliyokosewa kwenye ramani. Uliiona pale ofisini, kabla hatujashuka."

"Niliiona."

"Kulikuwa na muda wa kuirekebisha na kuchapa nyingine."

"Dakika tano zingetosha."

"Mbona hukusema?"

Mzee alipuliza unga wa mti kwenye mpini. "Miaka minne nimekaa kwenye benchi lako naandika. Umewahi kuniuliza naandika nini?"

Nakunda aliokota kipande cha mti kilichoanguka miguuni pake.

"Labda nilitaka niulizwe, walau mara moja, mbele ya watu," Senkondo alisema. "Labda niliona pia kwamba karatasi bila daftari wangeipinga kwa lingine. Yote mawili yalikuwemo, na sijui lipi lilikuwa zito. Nikikuambia najua, nitakuwa nakudanganya. Utakunywa uji?"

Alikunywa uji. Alirudi nyumbani kwa njia ndefu, ile inayopita ndiva zote tatu. Kwa Mrutu alisimama akajiuliza, hivi huyu aliyebeba mawe, alikuwa na ugomvi na nani? Kwa Nahinga akajiuliza, na ule ufa, nani aliufanya? Hakuna aliyeandika. Jina limebaki, mengine yameondoka na maji.

Jumatatu asubuhi Nakunda alikaa ofisini. Kompyuta ilikuwa imezimwa. Zubeda alikuwa juu, akifungua zamu ya kwanza. Tumsifu alikuwa ameshateremka mjini, lakini kabla ya kwenda alibandika karatasi juu ya kioo, imeandikwa kwa kalamu nyekundu: *Bi Mkubwa akiomba chochote, muulize kwanza Mwenyekiti.* Senkondo alikuwa kwenye benchi. Mfuko wake wa plastiki ulikuwa magotini, na daftari lilikuwa wazi.

"Unaandika nini leo, mzee?" Nakunda aliuliza.

Senkondo aligeuza daftari kumwelekea. "Nimeandika tarehe," alisema. "Nimeandika saa. Kilichobaki nakungoja wewe."

Nje pikipiki ya kupeleka fomu ilikuwa imeshawashwa. Nakunda aliweka karatasi mezani, akainyoosha kwa kiganja, akaishika kalamu juu ya ule mstari mmoja. Hapo kwenye mstari pataingia jina, na miaka mia ijayo mtoto atauliza huyu alikuwa nani, na ukoo mmoja utafungua maji ya kwanza huku nyingine mbili zikitazama.

Zubeda alizuia, bila kujua. Tumsifu aliamsha alichokuwa amekifungia. Senkondo alishuhudia, baada ya kunyamaza. Mmoja angekosekana, leo tungekuwa tunasimulia habari za maua.

Kalamu iko mkononi, na pikipiki inanguruma. Je, wewe uliyesikia yote, ungeandika jina la nani?